Namna ya Kubadili Nyuzi Kuwa Radiani

Radiani moja ni pembe iliyo katikati ya duara pale ambapo urefu wa tao linaloikabili unalingana na nusukipenyo cha duara hilo. Kwa kuwa mzingo wa duara ni nusukipenyo mara 2π, mzunguko mzima wa nyuzi 360 una radiani 2π, na nusu yake, yaani nyuzi 180, ni radiani π. Ulinganifu huu wa mwisho ndio wa kukariri. Mengine yote hutokana nao.

Basi, zidisha idadi ya nyuzi kwa π, kisha gawanya kwa 180. Tuchukue nyuzi 150, ambazo zinatupa 150π/180. Kigawo kikubwa cha shirika cha 150 na 180 ni 30, kwa hiyo sehemu hiyo hurahisishwa na jibu huwa 5π/6. Binafsi naona ni vyema kuliacha jibu likiwa na π, maana 2.618 ni makadirio tu, ilhali 5π/6 ni thamani kamili.

Pembe ikiwa na dakika (hapa dakika 60 ni sawa na nyuzi 1), zigawanye kwanza dakika hizo kwa 60, kisha ujumlishe na nyuzi: nyuzi 22 na dakika 30 ni nyuzi 22.5, sawa na π/8.

Kosa linalowanasa hata waliobobea hutokea kwenye kikokotoo. Ukitafuta sini ya nyuzi 30 huku kikokotoo kikiwa kimewekwa kwenye radiani, kitakupa takribani −0.988 badala ya 0.5, wala hakitakuonya.