SOMO: Mmea, jina na aliyelitaja chini ya namba moja

Ukiandika daftarini "omubirizi, dawa ya homa, Mbarara", kazi bado haijaanza. Msomaji wa Gulu, upande mwingine wa Uganda, atauliza: ndio mmea gani huo? Omubirizi wa Kinyankole ndio mululuza wa Kiganda, na kwa jina la kisayansi ni Vernonia amygdalina. Hayo yanathibitika kwa sababu kuna watu waliokata tawi, wakalikausha, na kuandika jina walilotajiwa pale pale penye mmea. Majina ya kienyeji huhama. Jina moja hubeba mimea miwili, na mmea mmoja hubeba majina matano. Tawi lililokaushwa halihami.

Kwa hiyo kila kitu katika somo hili kinaning'inia kwenye namba ya mkusanyaji, yaani namba unayoupa kila mmea unaoukata. Anza na 1 na uendelee maisha yako yote. Usirudi 1 mwaka mpya ukiingia, wala ukihamia wilaya nyingine. Vipande vyote vilivyokatwa kwenye mmea mmoja, siku moja, vinabeba namba ile ile, na namba hiyo hiyo inaandikwa kwenye picha, kwenye sauti uliyorekodi na kwenye maelezo ya aliyekueleza.

Ruhusa kwanza

Ruhusa huchukua muda mrefu kuliko safari. Utafiti wa kuhoji watu hupita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Ndani ya hifadhi za taifa unahitaji kibali cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori), na kwenye misitu ya hifadhi ya serikali kuu kibali cha NFA (Mamlaka ya Taifa ya Misitu). Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake. Usipeleke hata jani moja nje ya nchi kabla ya kumaliza taratibu hizo. Kijijini, pita kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla hujakata chochote, kisha kwa mwenye shamba. Mgeni anayechimba mizizi pembeni mwa shamba la watu hushukiwa, na wana haki ya kumshuku.

Vifaa

Mbao mbili za kukandamizia za sm 30 kwa 45, zilizotengenezwa kwa fito zilizopishana ili hewa ipite, mikanda miwili yenye nguvu, magazeti, vipande vya boksi lenye mifereji, vya ukubwa wa mbao, mkasi wa kupogolea, jembe dogo, futi kamba, simu yenye GPS, mifuko mikubwa ya plastiki na mzani wa jikoni. Maboksi yakatwe mifereji ikielekea upande mfupi, kwa kuwa joto hupita haraka zaidi kwenye njia fupi. Andika kwa penseli. Wino huchuruzika mvua ikinyesha, na spiriti huufuta kabisa.

Hatua ya 1: Uliza ukiwa mbele ya mmea

Swali baya kuliko yote ni "Huu ni mululuza, sivyo?" Mzee atakubali kwa heshima, na daftari lako litakuwa na jibu lako mwenyewe. Uliza, "Mzee, huu mnauitaje hapa?" kisha nyamaza. Baada ya jina uliza maana yake, sehemu inayotumika, nani huitumia, huandaliwaje, hukatwa wapi na mara ngapi kwa mwaka. Maswali mawili ya mwisho wengi huyaruka, nayo yana uzito mkubwa. Kandokando ya msitu wa Bwindi, makubaliano ya wenyeji kuendelea kuvuna omujega wa kusukia vikapu na magome ya nyakibazi ya kutengenezea dawa yalihitaji kujua hasa kiasi kinachokatwa na kasi ya mmea kuota tena.

Kiswahili kitakufikisha sokoni na kwenye stendi ya basi, lakini jina liandikwe kwa lugha ya nyumbani ya aliyelitaja, na lugha yenyewe itajwe. Andika kama lilivyotamkwa. Kiganda hutofautisha konsonanti fupi na nzito, kwa hiyo jjobyo lisiandikwe "jobyo". Kiacholi hutofautisha maneno kwa toni, na hilo halionekani kwenye maandishi ya kawaida, basi rekodi sauti: jina mara tatu, taratibu, na useme namba ya sampuli kabla ya jina.

Vipimo vipimwe. "Konzi moja kwenye tumpeco (kikombe kikubwa) ya maji" haimsaidii msomaji asiyejua konzi ya nani. Mwombe ashike konzi kama anavyoshika siku zote, weka kwenye mzani, rudia mara tatu, na uandike namba zote tatu na kama jani lilikuwa bichi au kavu. Tumpeco nayo ijaze maji mpaka pale anapojaza yeye, kisha upime.

Mwenye maarifa mpe alama, mfano M07, na karatasi yenye jina lake ikae mbali na daftari. Kama ametaka jina lake litajwe, mtaje kwa fahari. Akisema "hili usiandike", funga daftari.

Hatua ya 2: Kata

Tafuta tawi lenye ua au tunda, la sm 30 hadi 40. Kata vipande vitatu hadi vitano: kimoja cha hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere, kimoja cha wilaya au hifadhi, vingine vya wataalamu. Majani madogo ya ardhini yachukuliwe na mizizi yake. Usipoona mimea ishirini ya aina hiyo mbele yako, usiing'oe.

Kabla hujaondoka andika yale yatakayopotea tawi likikauka: rangi ya ua, harufu ya jani lililosagwa kidoleni, rangi ya utomvu, urefu wa mti, unene wa shina kwenye urefu wa mita 1.3, sura ya gome, na mahali ulipoota.

Mutuba, Ficus natalensis, ndio mti wa lubugo, vazi la magome ambalo UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, nao unafaa kujifunzia kwa sababu una taabu zote. Ukiukata, utomvu mweupe hutiririka na kugundisha gazeti. Acha tawi lichuruzike dakika chache, futa kidonda, kisha weka karatasi ya nta kati yake na gazeti. Matunda ni lazima, kwani mitini mingi hufanana majani. Pasua mawili matatu katikati kwa urefu, na mengine yatie kwenye chupa ya spiriti yenye namba ile ile. Geuza jani moja upande wa chini uonekane. Halafu muulize fundi wa lubugo ni mutuba wa namna gani. Mafundi hutofautisha aina zake kwa ubora na rangi ya lubugo, na kila aina wanayoitaja ipewe namba yake hata kama kwa macho yako ni mti ule ule.

Hatua ya 3: Namba za GPS

Hapa Uganda kosa la GPS lina sura yake, kwa sababu ikweta inapita katikati ya nchi. Mbarara iko karibu latitudo 0.61 kusini, longitudo 30.65 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa, sampuli yako inahamia Kyenjojo, na hakuna atakayeshtuka kwa kuwa bado iko Uganda. Ukibadilisha nafasi za latitudo na longitudo za Gulu, inatua jangwani Algeria. Hilo angalau litaonekana. Andika N au S kwa mkono kila mara, desimali tano, pamoja na wilaya, kata ndogo, parishi na kijiji, kwa maana wilaya zetu hugawanywa mara kwa mara.

Hatua ya 4: Kandamiza na kausha

Kandamiza siku hiyo hiyo. Tawi refu likunje kwa umbo la V au N, usilikate. Jani lenye vijani vingi libaki na kitako chake, la sivyo mtaalamu hatajua kama ni jani au tawi. Mpangilio ni boksi, gazeti lenye mmea, boksi, kisha kaza mikanda, na uikaze tena kesho yake kwa kuwa mimea hunywea. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 40 hadi 50. Balbu za zamani zinazotoa joto, zikiwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kikandamizo, zinatosha. Sigiri ya mkaa inafaa ikiwa mbali, chini ya kikandamizo kilichoinuliwa, na pasipo kuiacha usiku, kwani magazeti makavu hushika moto upesi. Majani yakiwa meusi, yalikauka polepole mno. Yakiwa ya kahawia na kuvunjika, joto lilizidi. Kujua kama yamekauka, gusisha jani shavuni: likiwa baridi, maji bado yamo.

Mkwaju hudondosha vijani vyote ukikauka. Chovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kukandamiza, lisipate nafasi ya kujiachanisha na majani yake. Aloe na mimea mingine minene ipasuliwe kwa urefu na kukwanguliwa nyama ya ndani.

Mvua ikikunyima kukausha, funga magazeti yenye mimea kuwa furushi, litie kwenye mfuko wa plastiki, mwagia spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yalowe, kisha funga usiingie upepo. Litakaa wiki kadhaa. Waragi, pombe kali ya hapa Uganda, haifai: nguvu yake ni asilimia 40 hivi, na ukungu utaota. Kwa kuwa spiriti huharibu DNA, vipande vya jani vya kupimwa DNA vitiwe kwanza kwenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito mara kumi ya jani.

Kabla ya kupeleka hebaria, funga sampuli kwenye plastiki na uzigandishe kwenye nyuzi −20 kwa siku saba ili wadudu na mayai yao wafe. Usibandike kwa selotepu. Hugeuka njano, huachia, na huondoka na jani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arua: Mti wenyewe hauna ua wala tunda. Niuache?

*Jibu:* Usiuache, ndugu, maana aliyekueleza yuko nawe leo. Kata tawi lenye majani, piga picha gome na kidonda kidogo cha panga, andika "bila ua", fungia mti kibandiko cha bati chenye namba, na umwombe mwenye shamba akupigie simu utakapochanua. Ukirudi, mpe tawi jipya namba mpya na uandike "mti ule ule na namba fulani".

Mwanachama, Soroti: Huku watu wawili wamenionyesha miti tofauti, wote wakaiita mwarobaini.

*Jibu:* Uwezekano mkubwa mmoja ni mwarobaini wenyewe, Azadirachta indica, na mwingine ni lira, Melia azedarach. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, na maua yake ni meupe. Jani la lira limegawanyika mara mbili au tatu, maua yana zambarau, na matunda yake ni sumu. Andika jina kama ulivyotajiwa kwa miti yote miwili, namba mbili tofauti, na usimsahihishe mtu daftarini. Lakini mweleze kwa mdomo, siku hiyo hiyo, kuhusu ile sumu.

Mwanachama, Kampala: Muuza dawa sokoni ana gome lililosagwa tu. Anasema ni ntasesa.

*Jibu:* Nunua, litie kwenye mfuko wenye namba, andika "sampuli ya soko", bei, uzito na lilikotoka. Kisha muombe kwa adabu akukutanishe na anayemletea, uone mti. Ntasesa ni Prunus africana, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995, kwa hiyo mletaji anaweza kuogopa. Usimlazimishe, wala usiandike jina lake.

Mwanachama, Kasese: Tuweke ramani yenye nukta zote mtandaoni?

*Jibu:* Mimea ya kawaida, sawa. Mimea inayowindwa, hapana. Encephalartos whitelockii, mmea unaofanana na mchikichi, huota kando ya maporomoko ya mto Mpanga na si kwingine duniani; mahali ni maarufu tayari, lakini nukta ya kila mche ni mwaliko kwa wezi. Toa wilaya tu, na nukta kamili zibaki hebaria.

Mwanachama, Bombo: Je, tuwalipe wazee wanaotueleza?

*Jibu:* Lipa muda wao, kiwango kimoja kwa siku, mlichokubaliana mbele ya LC1 kabla ya kuanza. Usilipe kwa kila mmea, kwa sababu ifikapo saa kumi jioni majani yote ya njiani yatakuwa yamegeuka dawa. Na nakala ya orodha, ikiwa na picha na kwa lugha yao, irudi kijijini kabla ya kuchapishwa, ili wasahihishe na waondoe wasichotaka kitoke.