Siasa za Uingereza kwenye riwaya: anzia kwenye bili ya kodi

Kati ya Julai 2016 na Julai 2024, watu watano waliingia Downing Street kwa zamu kama mawaziri wakuu wapya: May, Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Riwaya huchukua miaka kuandikwa. Ukimpa mhusika wako hasira dhidi ya waziri fulani, kitabu kitafika dukani waziri mwenyewe ameshaondoka na hasira imepoa. Ndiyo maana vijana wanaoniletea miswada nawaambia waanze kwa kuwafuta wanasiasa, pamoja na kashfa na hotuba zao. Kibaki kile ambacho maamuzi yao yameacha nyumbani kwa mtu.

Mimi huanzia kwenye kodi ya halmashauri, bili inayoingia mlangoni kila majira ya machipuko. Isome yote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma. Hapa England kila nyumba ina daraja lake, kuanzia A hadi H, na daraja hilo hupangwa kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Hata iliyojengwa juzi hukadiriwa kwa bei ya siku ile. A ni nyumba ambazo thamani yake haikuzidi pauni 40,000. H ni zilizopita pauni 320,000. Mwenye jumba la H, liwe la thamani gani leo, hulipa mara tatu tu ya mwenye kijumba cha A katika halmashauri hiyohiyo. Kodi hii ilianza 1993 kuchukua nafasi ya kodi ya kichwa, iliyozusha ghasia Trafalgar Square tarehe 31 Machi 1990. Novemba mwaka huohuo Margaret Thatcher akajiuzulu. Tangu hapo hakuna serikali, ya Conservative wala ya Labour, iliyothubutu kukadiria upya nyumba za England.

Kwangu hiyo ni dhuluma, na nikiulizwa nasema hivyo. Kwenye riwaya silisemi. Namtuma mama wa daraja A kufanya usafi katika nyumba ya daraja H. Bili iko juu ya meza ya jikoni, na mama huyo anajua kugawanya.

Bili hiyo ina jambo lingine ambalo ni sura nzima. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Mume akifariki, ili apate punguzo, mjane lazima aieleze halmashauri kwamba sasa yuko peke yake, na tangu tarehe gani. Andika kalamu ikisimama kwenye nafasi ya tarehe. Je, ni siku aliyofariki, au siku aliyolazwa na hakurudi tena? Baadaye mwanawe aliyepoteza kazi anarudi na mabegi yake. Ana miaka 26, hivyo punguzo linakwenda. Mama amefurahi mwanawe kurudi, na usiku huohuo anapiga hesabu. Atamwambia? Ataiambia halmashauri? Kaa hapo, usiharakishe.

Kwa mazungumzo, usitegemee Bunge. Jumatano saa sita mchana, vikao vikiwepo, Waziri Mkuu hujibu maswali. Tazama mara chache ujue kelele zake, kisha uache. Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ni hazina ya hoja, lakini wahariri wake huondoa marudio na kusahihisha makosa ya wazi, nasi tunayataka hayo marudio na makosa. Nenda kwenye kamati ya halmashauri inayoamua vibali vya ujenzi. Milango iko wazi kwa umma, na mkazi hupewa dakika chache, mara nyingi tatu, za kusema yake. Mzee anasimama kulalamikia maegesho ya magari. Kabla muda haujaisha anazungumzia bustani ya marehemu mkewe, kwamba jengo jipya litaikinga jua. Andika sentensi zake zilivyokatika, hasa ile aliyoiacha katikati mwenyekiti alipomkumbusha muda.

Kisha kura. Riwaya zetu za ughaibuni zina kasoro inayoniudhi: mhusika anasimama dirishani kutazama mvua, siasa za Waingereza zinampita kama hazimhusu. Zinamhusu kisheria. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, yaani Mkenya, Mtanzania, Mganda, anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya ubunge. Tangu 2023 mpiga kura wa England huonyesha kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya Kenya inakubaliwa.

Basi mchukue dada anayetunza wazee. Aliomba viza baada ya tarehe 11 Machi 2024, siku ambayo kanuni ilibadilika na watu wa kazi yake wakazuiwa kuja na watoto wao. Alhamisi tarehe 4 Julai 2024, siku ya uchaguzi mkuu, anatoka zamu ya usiku. Vituo vimefunguliwa saa moja asubuhi. Chake kiko kwenye ukumbi wa shule ya msingi, na ukutani kuna michoro ya watoto walio rika la mwanawe. Karani anatazama pasipoti, anamtazama usoni, anatafuta jina lake orodhani. Nyuma yake kwenye foleni yuko binti wa bibi aliyemwogesha alfajiri, na wanasalimiana. Usituambie amemchagua nani. Tuonyeshe anavyoshika penseli.

Andika asubuhi kabla ya redio. Kipindi cha habari cha Radio 4 ya BBC huanza saa kumi na mbili, na ukikisikiliza kwanza utaandika hoja za wengine siku nzima. Ukitaka msomaji atambue mwaka bila kutajiwa waziri, tumia basi: kikomo cha nauli England kilikuwa pauni 2, Januari 2025 kikawa pauni 3.

Mswada ukiisha, tafuta kila mahali ulipoandika "serikali" na uweke kitu kinachoshikika: fomu, barua, nauli, foleni ya daktari. Pale ambapo hakuna kitu cha kuweka, kata sentensi nzima.