Helmeti ya baiskeli: anza na kichwa, malizia na kidevu

Jumamosi alfajiri tunakutana Msalato, Dodoma, mnada haujachangamka, tunashika barabara ya Kondoa kuelekea Makutupora. Kabla ya kuondoka nakagua vichwa kwanza, matairi baadaye. Wengi huja helmeti imerudi kisogoni kama barakashia ya mtu anayetoka harusini. Paji lote liko nje, na ukianguka kifudifudi ndilo linalotangulia kwenye lami.

Saizi. Zungushia kichwa futi ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi, ipite pale kisogo kilipochomoza. Ukipata sentimita 57, helmeti iliyoandikwa ndani 54–58 ndiyo ya kujaribu. Ya mtoto usinunue kubwa ili "akue nayo". Waliosuka, fundo la nywele lisikae utosini. Mtandio mwembamba uliolazwa vizuri hauna shida. Kapelo ndani ya helmeti sitaki kuiona.

Ivae ikae bapa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Zungusha kigurudumu cha kukazia kilicho nyuma ya helmeti mpaka ikushike pande zote bila kuuma. Sasa, mkanda ukiwa haujafungwa, inama utikise kichwa. Isidondoke.

Hapo ndipo watu wanaporuka, wanakimbilia kukaza kidevu. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniapia yake imekaza. Nikaweka kiganja ukingo wa mbele, nikasukuma juu: ikateleza hadi kisogoni, mkanda ukamkaba koo. Tukalegeza kila kitu, tukaanza na kigurudumu. Nilipoisukuma tena, ngozi ya paji ikasogea pamoja nayo. Ndivyo inavyotakiwa.

Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya ndewe ya sikio. Wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja, viwili kwa tabu. Piga mwayo mkubwa. Usikie helmeti ikikubana utosini.

Za mtumba? Bei naielewa, ila povu gumu la ndani likishabonyezwa na kishindo halirudi, na ufa hujificha chini ya ganda. Hujui ilishaanguka na nani. Uchafu uoshe kwa sabuni na maji, si petroli wala thina. Yangu iliyopasuka niliikata mikanda kabla ya kuitupa, maana hapa kwetu kitu chenye umbo zima hakilali jalalani.