Wasikilizaji wakianza kujibizana: namna ya kujenga jamii ya mtandaoni kutokana na podikasti

Natengeneza podikasti ya wakulima wa viazi mviringo hapa Mbeya. Tunarekodi Uyole, lakini wengi wanaotusikiliza wako milimani, Igoma, Isongole, hadi Makete na Njombe. Mara ya kwanza nilipofungua kundi la WhatsApp, nilibandika kiungo kwenye maelezo ya kipindi nikasubiri. Ndani ya wiki moja waliingia watu zaidi ya 200, wakakaa kimya. Kilichokuja kuvunja ukimya ni matangazo ya kubeti na zile jumbe za "tuma kwa watu kumi upate baraka". Mwezi wa tatu nikalifunga.

Kundi la pili liko hai hadi leo. Hivi ndivyo nilivyolijenga.

Hatua ya 1: Anza na watu kumi, na uwapigie simu

Kiungo usikibandike popote kwanza. Pitia simu yako: nani aliwahi kukuandikia baada ya kipindi, akakusahihisha, au akakuuliza mbegu inapatikana wapi? Waandike kwenye daftari, kisha wapigie. Ujumbe wa maandishi hautoshi kwa kazi hii. Mimi nilianza na mama mmoja wa Igoma aliyewahi kuniandikia kwamba nimekosea kuhusu kuinulia udongo.

"Shikamoo mama. Mimi ni yule wa kipindi cha viazi."

"Marahaba mwanangu. Kumbe upo hapahapa Mbeya? Nilidhani mnaongelea Dar."

Tulizungumza robo saa. Mwishoni nikamwomba jambo moja tu: akiona mtu kwenye kundi kauliza kitu anachokijua, amjibu kabla yangu. Ombi hilohilo mpe kila mmoja wa wale kumi. Hao ndio wenyeji wa nyumba. Mgeni akiingia akawakuta wanasalimiana na kuulizana habari za shamba, naye atasalimia. Akikuta kimya, atanyamaza kama wengine. Kaa nao wiki tatu hivi ndipo ufungue mlango.

Hatua ya 2: Maliza kipindi kwa swali moja ambalo msikilizaji analo jibu lake

"Mnaonaje?" ni swali lisilojibika. Tafuta swali ambalo mtu halihitaji kulifikiria, kwa sababu jibu ameliishi. Kipindi cha lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, tulikimaliza hivi: "Gunia la mwisho uliloliuza lilijaa debe ngapi?" Usiku ule kundi halikulala. Mtu wa Isongole akataja debe zake, wa Makete akashangaa, dalali mmoja akajitokeza kujitetea. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na wengi walilijua hilo. Walichokuwa hawakijui ni jirani wa mlima wa pili anakubali kujaziwa kiasi gani.

Swali litamke mara mbili kwenye kipindi, kisha liandike kwenye kundi kwa maneno yaleyale. Liwe moja. Ukiuliza matatu, hakuna litakalojibiwa.

Hatua ya 3: Punguza uzito wa faili

Kipindi cha dakika 20 ukikitoa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinakaribia MB 20. Kitoe mono, yaani sauti ya njia moja, kwa kilobiti 64, kitashuka chini ya MB 10, na sauti ya mtu anayeongea itasikika vizuri tu. Umemwokolea msikilizaji nusu ya bando. Faili liweke ndani ya kundi lenyewe. Sisi tunatuma kila Jumatano saa 2:30 usiku, taarifa ya habari ikiisha, na saa hiyo hatuigusi.

Hatua ya 4: Jizuie kujibu

Hapa ndipo watengenezaji wengi wa vipindi tunapoharibu. Umezoea kuwa wewe ndiye unayeongea, basi swali likiingia tu vidole vinakimbilia simu. Ukijibu, mazungumzo yanaishia hapo: "asante mtaalamu", kwisha.

Siku moja kijana wa Isongole alituma picha ya jani la kiazi. Lilikuwa na doa la kahawia iliyokolea, limeanzia pembeni, kama pamemwagikiwa maji ya moto. Nililijua, na nilikuwa nimeshaanza kuandika. Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Baada ya dakika kama 20 ikaingia sauti ya mama wa Igoma: "Mwanangu, kesho asubuhi kabla umande haujakauka, geuza hilo jani uangalie chini. Ukiona kama unga mweupe, huo ni ukungu, usicheze nao." Akafuata mwingine, anauza pembejeo hapa Uyole: "Ulipuliza dawa lini? Na mvua ilikaa muda gani ndipo ikanyesha?" Asubuhi kijana akaleta picha ya pili, jani limegeuzwa, utando mweupe unaonekana wazi.

Kanuni yangu tangu hapo: nangoja saa mbili nzima. Naingia mapema pale tu mtu anapopewa ushauri wa hatari, hasa vipimo vya dawa.

Hatua ya 5: Rudisha sauti zao kwenye kipindi

Ile sauti ya mama ilifungua kipindi kilichofuata. Kwanza nilimwomba ruhusa, nikamuuliza anataka atajwe vipi. Akasema "mama wa Igoma" inatosha. Ukihitaji sauti safi zaidi, mwombe mtu arekodi tena akiwa ndani, mbali na upepo, simu isikae mdomoni kabisa. Lafudhi yake usiiguse, wala usimkatie salamu. Wiki ile sauti zilizoingia kwenye kundi zilikuwa nyingi kuliko za mwezi mzima uliotangulia, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba njia ya kufika kipindini ipo.

Hatua ya 6: Linda watu wako

Kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Mwambie mtu hilo kabla hajaingia. Tulimpoteza mwanamke mmoja, mkulima hodari, baada ya mwanaume kumfuata inboksi usiku. Aliniambia akiwa ameshajitoa, na hilo bado linaniuma. Sasa anayemfuata mtu faragha bila ridhaa anatolewa siku hiyohiyo, bila onyo. Asiyetaka namba yake ionekane tunampa chaneli ya WhatsApp: huko mfuasi haioni namba ya mfuasi mwenzake, na kipindi anakipata vilevile.

Biashara tumeipa Jumamosi. Siku hiyo madalali na wauza mbegu watangaze watakavyo. Siku nyingine tangazo linafutwa.

Hatua ya 7: Hesabu wanaoongea, kisha wakutanishe

Idadi ya wanachama isikushughulishe. Kila Jumapili naandika daftarini mambo mawili: watu wangapi tofauti wameongea wiki hiyo, na maswali mangapi yamejibiwa na mtu asiye mimi. La pili likishuka, huwa ni mimi nimeanza kuongea sana.

Halafu tafuta siku ambayo tayari inawaleta watu mjini. Kwetu ni Nanenane, viwanja vya John Mwakangale. Tulitangaza tu saa na mahali. Kijana wa Isongole alifika akiwa na kiroba cha mbegu ya viazi aina ya Kikondo begani, akasimama pembeni bila kumtambua mtu. Kisha mama mmoja mbele yake akaanza kuongea, naye akakishusha kiroba. "Shikamoo! Si wewe uliyeniambia nigeuze jani?"