Mtoto akijipiga au kujing'ata, pa kuanzia ni hapa

Mwanangu ana usonji (autism) na kifafa, na hasemi. Akianza kujitwanga ngumi tayani, majirani husema kapandisha mashetani. Mimi namfungua mdomo. Namulika magego kwa tochi ya simu, nageukia masikio, kisha namuuliza dada yake mara ya mwisho alipata choo lini. Mtoto asiyesema akianza ghafla kujiumiza, au akizidisha, shuku maumivu kwanza: jino lililotoboka, sikio linalotoa usaha, choo kigumu, kiungulia, kwa binti hata hedhi. Anayejipiga sikio lile lile kila mara pengine anakuonyesha panapouma.

La pili ni dawa. Fenobabito, dawa ya kifafa, huweza kumfanya mtoto asitulie na awe mkali, na levetiracetam, nayo ya kifafa, vivyo hivyo. Kama vurugu zimeanza baada ya dozi kupandishwa, mpelekee daktari tarehe hizo. Usimkatishe dawa mwenyewe, dawa ya kifafa ikiachwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokatika.

Ukishamaliza kukagua mwili na dawa, shika daftari. Piga mistari upate safu tatu: kabla, alichofanya, sisi tulifanyaje. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: "Jenereta la jirani linanguruma, nimemtoa kwenye maji aliyokuwa anachezea, nimemwita kuoga. Kajing'ata kiganja. Nimemwacha asioge." Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye jibu. Kama kujing'ata kumemwepusha na kuoga leo, kesho atajing'ata tena. Si ujanja, hana njia nyingine ya kusema "sitaki". Mpe njia: picha ya kukuonyesha akitaka kupumzika, au kugusa bega lako, na akiitumia muitikie papo hapo, hata kama sabuni imeshamwingia kichwani. Ataoga baada ya dakika mbili.

Mwenyewe utaona yanayojirudia: njaa, usingizi mbovu, honi, foleni, ratiba iliyogeuzwa bila taarifa.

Wakati anajigonga, weka mto kati ya kichwa na ukuta, zima redio, ondoa wadogo zake, punguza maneno. Kumfunga kamba au kumchapa kunaongeza hofu tu, tena hofu yenyewe ni kichochezi.

Akijigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kusiko kwa kawaida au akapata degedege, kimbilia hospitali. Anayejichoma macho kwa vidole naye apelekwe, hata kama jicho linaonekana zima.