Kabla hujagusa SDN kwenye Proxmox: mambo ya kuzingatia

Ukifungua menyu ya SDN (mtandao unaoundwa kwa programu) ndani ya Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe, unakutana na fomu fupi tu: zoni (aina ya mtandao), VNet (mtandao pepe wenyewe), sabuneti (fungu la anwani), kisha kitufe cha kutekeleza. Dakika kumi umemaliza. Ufupi huo ndio unaotuponza, maana fomu haikuulizi lolote kuhusu swichi, kebo wala umeme wa chumba cha seva, na matatizo mengi ya mtandao pepe huanzia huko chini. Ninachoandika hapa ni kwa mwenye klasta ya nodi tatu hivi (seva zinazofanya kazi kama kundi moja), toleo la 8.1 la mwaka 2023 au jipya zaidi, anayetaka kutenganisha mitandao ya idara au wateja juu ya mashine zilezile.

Kwanza, je, VXLAN, zoni inayopitisha mtandao pepe juu ya mtandao mwingine, unaihitaji kweli? Wengi huikimbilia kwa ukubwa wa jina. Namba ya VLAN (njia ya kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) ina biti 12, yaani mitandao 4094 inayoweza kutumika. Ya VXLAN ina biti 24, zaidi ya milioni 16. Ofisi yenye idara nane na swichi moja nzuri haina la kufanya na milioni 16 za kitu chochote. Zoni ya VLAN itaitosha, na siku ikiharibika fundi wake ataielewa. VXLAN ina maana pale nodi zilipo kwenye mitandao tofauti yenye ruta katikati, au swichi si yako na mwenyewe hataki kukufungulia VLAN. EVPN, yaani VXLAN inayoongozwa na BGP (itifaki ya ruta kupeana njia), iache mpaka utakapotaka nodi zenyewe ziwe ruta kati ya mitandao pepe, na uwe unaijua BGP kiasi cha kusoma jedwali la njia usiku wa manane bila kutetemeka.

Ukishaamua VXLAN, kaa na suala la MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) hadi liishe. VXLAN huchukua fremu nzima ya mashine pepe na kuitia ndani ya pakiti nyingine ya UDP, bahasha ndani ya bahasha, na hiyo ya nje huongeza baiti 50 kwenye IPv4. Njia ya kawaida hupitisha baiti 1500. Mashine pepe ikituma 1500, mzigo unafika 1550 na unakwama njiani. Ubaya wake ni kwamba mtandao haufi kabisa. Ping inajibu, DNS inajibu, SSH inakuomba nenosiri. Ukiingia na kuandika amri yenye majibu marefu, skrini inaganda. Ukurasa mwepesi unafunguka, mzito unazunguka tu. Nimeona watu wazima wakimaliza siku nzima wakiilaumu fayawoli.

Njia ni mbili, na uchague moja kabla ya kuunda zoni. Ama ushushe MTU ya zoni hadi 1450 na kuhakikisha mashine pepe nazo zinaifuata (kadi ya VirtIO ukiiandikia MTU 1, hurithi ile ya daraja iliyounganishwa nalo), ama upandishe huko chini: kadi za nodi zote na kila porti ya swichi inayohusika. Mimi hupendelea ya pili kwa sababu mgeni atakayeletewa mashine pepe mwaka ujao hatajua habari ya 1450. Wengi huweka 9000 moja kwa moja. Lakini usiamini maandishi ya kwenye usanidi, pima. Amri ya ping -M do -s 1472 hutuma pakiti isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Zile baiti 28 zilizopungua ni za vichwa vya IP na ICMP. Kwa 9000, andika 8972. Pima kati ya kila nodi na mwenzake, maana porti moja iliyosahaulika inatosha kuharibu.

Na kama nodi zinaonana kupitia intaneti, kumbuka VXLAN haifichi kitu: atakayeinasa pakiti njiani ataisoma. Utahitaji IPsec (usimbaji wa pakiti), nayo hula baiti nyingine 60 kwenye IPv4 au 80 kwenye IPv6, ndiyo maana mwongozo wa Proxmox unaishusha MTU hadi 1370.

Linalofuata ni Corosync, mjumbe anayezifanya nodi zijuane kuwa ziko hai. Anataka njia tulivu yenye ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5, na bora awe na kadi yake ya mtandao peke yake. Ukimpitisha kwenye kadi ileile unayoifanyia majaribio ya SDN, kosa moja litamkata. Nodi yenye mashine zilizo chini ya HA (mfumo unaoziwasha kwenye nodi nyingine yake ikifa) ikipoteza akidi, yaani isipoona tena nodi za kutosha kufanya wingi, haitakusubiri: baada ya takriban dakika moja hujiwasha upya yenyewe.

Hili nililionja kupitia swichi. Katika ofisi moja tulikuwa tumepima kila kitu, seva zote ziko kwenye UPS (betri ya akiba), tunapongezana. Swichi ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ulikatika sekunde chache ukarudi, swichi ikawaka bila VLAN hata moja kwa sababu hakuna aliyehifadhi usanidi wake. Seva ziko macho kwenye UPS lakini hazionani. Dakika moja baadaye zikajiwasha upya zote. VLAN tulizirudisha kwa kukumbuka kichwani, mmoja akitaja namba, mwingine akibishana. Kwa hiyo swichi nayo iingie kwenye UPS, na usanidi wake uhifadhiwe ukiwa bado umesimama mbele yake.

Mpango wa anwani unakwenda haraka. Epuka 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24, maana ruta nyingi za nyumbani huzitumia na mfanyakazi anayeingia kwa VPN akiwa sebuleni kwake atagongana nawe. Epuka pia 172.17.0.0/16, Docker (programu ya kuendesha kontena) huikalia bila kuomba ruhusa. Chukua kipande cha 10.0.0.0/8 na ukiandike mahali. Jina la VNet halizidi herufi 8, basi kubaliana na wenzako vifupisho mapema. Fungua porti ya UDP 4789, ya VXLAN, kati ya nodi kama una fayawoli katikati.

Mwisho andaa njia ya kurudi. Nakili faili la /etc/network/interfaces la kila nodi nje ya klasta. Kwenye klasta iliyopandishwa kutoka matoleo ya zamani, angalia kama faili hilo lina mstari wa source /etc/network/interfaces.d/*, kwani bila huo usanidi wa SDN utaandikwa na hautasomwa. Ingia kwenye konsoli ya IPMI, iDRAC au iLO (njia za kuifikia seva kwa mbali hata mfumo wake ukikwama) siku hiyohiyo, si kukumbuka tu kwamba ipo, na uingie kwa njia isiyopita kwenye swichi unayoibadilisha. Kisha mpigie mwenye ufunguo wa chumba cha seva, umuulize kama saa nne usiku atakuwepo mjini.