Nani anamjibu nani? Kuchora mazungumzo ya orodha ya barua pepe

Ukisoma barua pepe elfu mbili za kundi moja, utajua kilichosemwa, ila si rahisi kujua nani anasikilizwa. Mchoro hulionyesha hilo upesi: kila mtu nukta, kila jibu mshale. Kuchora kwenyewe si kazi. Kazi iko kwenye majina.

Mfano wangu ni python-dev, orodha ambamo watengenezaji wa lugha ya Python walikuwa wakijadiliana. Kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote. Chukua Aprili hadi Julai 2018, miezi ya ubishi juu ya PEP 572, pendekezo la kuongeza alama ya :=. Tarehe 12 Julai mwaka huo Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, alitangaza kuachia uongozi, akigusia jinsi alivyochoka kulipigania pendekezo hilo.

Hatua ya 1: pakua. Kila mwezi una faili lake la maandishi. Yaweke kwenye folda moja, uyaunganishe:

`cat 2018-*.txt > dev.mbox`

Hatua ya 2: tafuta majibu. Wengi huanza na sehemu ya To, inayoonyesha anayeandikiwa. Usithubutu. Barua nyingi zimeandikiwa orodha yenyewe, kwa hiyo utapata jua moja katikati na miale pande zote. Tumia In-Reply-To, inayobeba Message-ID, yaani kitambulisho cha pekee, ya barua inayojibiwa.

```
import mailbox, csv
from collections import Counter

sawa = {}   # tutaijaza hatua ya 3

def mtu(b):
    j = str(b["From"])
    return sawa.get(j, j)

barua = list(mailbox.mbox("dev.mbox"))
nani = {str(b["Message-ID"]): mtu(b)
        for b in barua if b["Message-ID"]}

idadi = Counter()
for b in barua:
    mjibiwa = nani.get(str(b["In-Reply-To"]))
    if mjibiwa and mjibiwa != mtu(b):
        idadi[(mtu(b), mjibiwa)] += 1

with open("mishale.csv", "w", newline="", encoding="utf-8") as f:
    w = csv.writer(f)
    w.writerow(["Source", "Target", "Weight"])
    for (a, z), n in idadi.items():
        w.writerow([a, z, n])
```

Anayejijibu mwenyewe tumemwacha nje.

Hatua ya 3: safisha majina. Mtu yuleyule huandika mchana kwa anwani ya kazini, usiku kwa ya nyumbani, na akibadilisha simu jina lake linapoteza herufi kubwa. Kwenye mchoro wamekuwa watu watatu, na uzito wake, yaani idadi ya majibu, umegawanyika. Tena kumbukumbu hizi zimegeuza @ kuwa neno "at", hivyo usitegemee zana za kawaida za kuchambua anwani. Chapisha waandishi wote kwa alfabeti, wapitie kwa macho, kisha jaza kamusi ya `sawa`: maandishi yalivyo upande wa kushoto, jina moja uliloamua upande wa kulia. Endesha programu tena. Inachosha. Niliwahi kuiachia programu ifananishe majina yenyewe; ikawaunganisha akina David wawili wasiojuana, nami nikagundua nikiwa nimeshawaonyesha wenzangu mchoro.

Hatua ya 4: chora. Fungua mishale.csv kwenye Gephi, programu ya bure, ukiiambia mishale ina mwelekeo. Chagua mpangilio wa ForceAtlas2, unaowasogeza karibu wanaojibizana. Mara ya kwanza utapata tandabui la stoo. Usikate tamaa: ondoa mishale yenye uzito wa 1, kisha ukubwa wa nukta ufuate mishale inayoingia, si inayotoka. Anayeandika sana na anayejibiwa sana mara nyingi si mtu mmoja.

Hatua ya 5: rudi kwenye barua. Mshale mnene haukuambii kama ni urafiki au ugomvi; wanaopingana huweza kujibizana kuliko wanaokubaliana. Chagua mishale mitano minene, usome barua zake. Wasomaji wa kimyakimya nao hawamo humu kabisa.

Ukitaka kuuweka mchoro hadharani, weka namba mahali pa majina, isipokuwa kwa watu wanaojulikana wazi kama Guido. Wengine waliandika kujadili msimbo wa programu, hawakujua kwamba kuna siku mtu atawapima kwa ukubwa wa duara.